Sura ya Saba: Walimu wa Unasihi kwa Ajili ya Ngara na Biharamulo

Ukitaka kuijua idara ya unasihi ya chuo kikuu, anza na orodha ya walimu wake. Tazama kila mmoja amebobea katika nini: huyu malezi ya watoto, yule uraibu, mwingine ndoa na familia, mwingine kuchagua masomo na kazi, mwingine kiwewe cha vita. Orodha hiyo inakuonyesha waanzilishi wa idara walikuwa wakiwafikiria watu gani. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua mjini Boston ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, kwa sababu mji ule ulikuwa umejaa vijana wa viwandani wasiojua waelekee wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilihitaji watu wa kuwashughulikia askari waliorudi nyumbani, na vyuo vikuu vikaanza kuwaandaa wataalamu hao kwa wingi. Ubobezi tunaoukuta leo kwenye vitabu vya unasihi, hata vile vinavyosomwa Dar es Salaam na Dodoma, ulitokana na shida za watu fulani, mahali fulani.

Sasa tuseme orodha hiyo iandikwe upya, na mwandishi wake awe ameketi Ngara au Biharamulo. Wangekuwemo nani? Swali hili halina muda wa kusubiri, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanza kujenga kampasi katika kijiji cha Itahwa, nje kidogo ya mji wa Bukoba, mkoani Kagera, kwa fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET. Chuo kinapoingia mkoani ndipo pa kuuliza kitafundisha nini na kwa ajili ya nani. Wilaya hizi mbili za Kagera ziko mbali na Bukoba. Kwa sensa ya 2012 kila moja ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Ngara ni ile kona ya nchi inayogusana na Rwanda kwa upande mmoja na Burundi kwa upande mwingine, Rusumo na Kabanga zikiwa milango yake. Biharamulo imekaa ndani zaidi, na malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura hupita kwake, Nyakanazi na Lusahunga, usiku na mchana.

Hakuna mwalimu wa kiwewe anayeweza kufundisha Kagera akaiacha Rusumo. Tarehe 28 Aprili 1994 watu waliokuwa wakitoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, walianza kuvuka daraja la pale, na kwa muda wa takriban siku moja watu wapatao 250,000 walikuwa wameshaingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikuwa halijawahi kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Walipelekwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Baada ya wiki chache wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Katika foleni moja ya mahindi na maharage walisimama mama aliyepoteza watoto wake na mwanaume aliyewaua watoto wa jirani yake. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa burgumesta, yaani kiongozi wa serikali, wa Murambi nchini Rwanda na aliyeshukiwa kuongoza mauaji huko, alikuwemo Benaco. Juni 1994, hatua zilipochukuliwa ili aondolewe kambini, umati wenye mapanga uliwazingira wafanyakazi wa misaada. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani, na mwaka 2012 rufaa yake ikaishia kwenye kifungo cha miaka 40. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walikuwa wameondoka kambini tangu mwishoni mwa 1994, wakiamini kwamba chakula na dawa vilikuwa vikiwapa nguvu wale wale walioongoza mauaji.

Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu unasihi wa vitabuni una kanuni mbili zinazofundishwa muhula wa kwanza: mpokee mteja bila kumhukumu, na anachokuambia kibaki kwako. Zipeleke Benaco uone zitakavyopata shida. Mnasihi aketi na mtu asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona. Katika mazungumzo ya tatu itambainikia kwamba aliyoyaona ni aliyoyatenda. Afanyeje? Amtibu usingizi tu? Na ikiwa nje ya hema anasubiri mjane wa kijiji kile kile? Mwalimu mwenye ubobezi wa ukatili wa halaiki ndiye anayeweza kumwandaa mwanafunzi kwa saa kama hiyo, na hawezi kuazima mifano ya ajali za barabarani au talaka akadhani imetosha.

Tena wakimbizi hawakuwa peke yao wenye majeraha. Wenyeji wa Ngara waliona miti ikiisha, visima vikikauka, mazao yakichukuliwa shambani na silaha zikisambaa. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Maelfu walijaribu kwanza kukimbilia ndani ya nchi, wakazuiwa na wanajeshi na kugeuzwa kuelekea Rusumo. Wanakijiji waliokaa nao zaidi ya miaka miwili waliwatazama wakipita barabarani na mizigo kichwani. Kati yao walikuwemo waliokuwa wameoana, waliofanya biashara pamoja, waliobatiziana watoto. Wakimbizi wa Kirundi walibaki katika kambi ya Lukole hadi nayo ilipofungwa mwaka 2008. Na mwaka 2013, operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali ilipopita Kagera, zilikuwepo kaya ambazo mume aliambiwa ni wa upande huu na mke wa upande ule. Kutenganishwa na watu ni sehemu ya historia ya kila ukoo wa mpakani. Idara yetu itahitaji mtu anayejua hasara ya namna hiyo, hasara ya aliyeondoka akiwa hai, ambayo haina matanga wala kaburi.

Mafunzo ya jambo hili yapo jirani sana. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani walifanya kazi na wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali 277, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Waliotoa huduma walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada yoyote ya saikolojia, waliofundishwa kumsaidia mtu kusimulia maisha yake kwa mpangilio tangu kuzaliwa: mabaya yakisimuliwa polepole na kwa ukamilifu, mazuri nayo yakipewa nafasi yake, hadi tukio lile baya likae mahali pake katika wakati uliopita na liache kuvamia siku ya leo. Dalili za kiwewe zilipungua, kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wale ambao hawakupewa huduma.

Sisi pia tunao watu wa kazi hii. Maregesi Machumu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, ni mmoja wa watafiti waliokwenda, pamoja na wenzao wa Ujerumani, kuzungumza na familia za Warundi katika kambi za magharibi mwa Tanzania. Walichokichunguza ni namna maumivu ya mzazi yanavyomfikia mtoto: mzazi aliyelemewa na vita humpiga mwanawe, mtoto anakosa pa kujiegemeza, naye anaanza kuwa na dalili zake mwenyewe. Kwa Ngara huo ndio ubobezi wenyewe. Waliokuwa watoto Benaco na Lukole, na waliokuwa watoto katika vijiji vilivyozizunguka kambi hizo, leo ni wazazi.

Ukimwi uliingia Kagera kabla ya yote haya. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walipatikana mkoani humu mwaka 1983. Ushauri nasaha kama kazi yenye cheo na mafunzo, watu wa Kanda ya Ziwa waliujua kupitia Ukimwi. Kabla ya hapo kulikuwa na wazee, shangazi, mapadri na wachungaji. Ng'ambo ya mpaka, Noerine Kaleeba na wenzake waliunda TASO mwaka 1987, na chama hicho kikaonyesha Afrika nzima kwamba kuketi na mgonjwa na kuzungumza naye ni huduma kamili hata pale ambapo dawa haipo. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulioanzishwa na Kurt Madörin uliwageukia yatima: ukawapa mahali pa kulia, pa kucheza na pa kujiongoza wenyewe, hata vijana wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Najivunia jambo hili kila ninapolitaja. Mengi yanayoitwa leo msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa watoto yatima kusini na mashariki mwa Afrika yalijaribiwa mapema katika migomba ya Muleba.

Leo dawa za kufubaza virusi zipo, na shida imebadilika sura. Sylvia Kaaya, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, amefanya utafiti kwa miaka mingi juu ya wajawazito wanaoishi na VVU. Katika jaribio moja jijini Dar es Salaam, wanawake walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki sita, wakiongozwa na wauguzi wakunga, wakajifunza kuzikabili shida zao na namna ya kumweleza mwenza hali zao. Nafuu iliyopatikana haikuwa kubwa, ila ilikuwa ya kweli. Msichana wa Lusahunga aliyepata mimba kwa dereva wa lori, ambaye anapewa majibu yake siku ya kwanza ya kliniki, anamhitaji mwanafunzi wa mwalimu wa namna hii akiwa amevaa koti la muuguzi wa zahanati. Mwalimu wa uraibu naye ana kazi kwenye barabara hiyo hiyo. Jessie Mbwambo na wenzake wa Muhimbili, ambako kliniki ya methadoni ilifunguliwa mwaka 2011, wameshaandaa njia.

Nataka kukaa kidogo na kazi moja iliyofanyika Masaka na Rakai, wilaya za Uganda zilizo ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wanakijiji Ukimwi umewaletea shida gani za moyo, wakaziandika kama zilivyotajwa kwa Kiganda. Zilielezwa hali mbili zinazokaribiana sana na sonona ya vitabuni. Ndipo walipochukua vijiji 30, vingine vikapewa vikundi vya mazungumzo na vingine vikabaki kama vilivyo. Wanaume walikutana na wanaume, wanawake na wanawake, kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu.

Fikiria kikundi kama hicho kikiwa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Wanawake wanane wako kwenye mkeka chini ya mwembe, mmoja ananyonyesha. Kiongozi anamgeukia wa kwanza na kumuuliza wiki ilikwendaje, kisha anauliza swali ambalo ndilo kiini cha njia hii: hali hii ilipoanza, ni nini kilikuwa kinatokea kati yako na watu wako? Mama anasema alianza kukosa nguvu za kulima tangu shemeji zake walipochukua shamba baada ya mumewe kufa. Hakuna anayemwambia avumilie. Wenzake wanamuuliza amekwenda kwa nani, ukoo unasema nini, ni nani kati ya mashemeji anayesikika. Wiki inayofuata anarudi na jibu la mtu aliyemwendea. Jaribio la Uganda lilipopimwa mwishoni, waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vile visivyo na vikundi asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa njia hiyo ili itumike kokote.

Kwa matokeo haya naamini kwamba mwalimu wa kwanza kuajiriwa anapaswa kuwa yule anayejua kuwafundisha na kuwasimamia watu wasio na shahada. Katika vyuo vingi mwalimu wa aina hiyo huonekana wa daraja la chini kuliko aliyebobea katika nadharia. Kwa Ngara na Biharamulo mpangilio huo ugeuzwe.

Kisha likaja jambo ambalo halikuwemo kwenye mtaala wa yeyote. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Watu 10 walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, na wote 10 walifariki.

Ugonjwa huu huambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti huambukiza sana. Kwa hiyo unawanyang'anya waliobaki kila kitu ambacho kwetu kinamfanya marehemu awe wa kwetu. Kumwosha ni marufuku, kumvisha ni marufuku, na hakuna kukesha naye ndani ya nyumba. Wanakuja watu waliofunikwa hata macho hayaonekani vizuri, wanapulizia dawa mlangoni, wanamweka ndani ya mfuko, wanamzika. Majirani wanasimama mbali, na wiki zinazofuata bado wanasimama mbali. Mjane hanunuliwi ndizi zake sokoni. Watoto hawachezi na wenzao. Miongozo ya mazishi salama na yenye heshima, iliyoandikwa wakati wa Ebola Afrika Magharibi, inaeleza namna ya kupunguza maumivu haya: familia ielezwe kila hatua kabla gari halijafika, ichague nguo au kitu cha kuwekwa kaburini, kiongozi wao wa dini asali akiwa umbali salama, na kaburi liwe na alama yenye jina. Haya yote ni kazi ya unasihi, na hufanyika ndani ya saa chache, katika hofu kubwa. Mwalimu aliyebobea katika msiba na magonjwa ya mlipuko lazima awepo katika idara ya Kagera. Bukoba Vijijini ilikuwa na Marburg mwaka 2023, Biharamulo 2025. Hatuwezi kudhani hautarudi.

Shuleni kazi iko wazi, japo haifanywi. Wizara ya Elimu ilishatoa waraka wa huduma za ushauri nasaha shuleni tangu 2002, na kila sekondari inamjua mwalimu wake wa unasihi. Lakini mwalimu huyo mara nyingi ana vipindi kama wenzake, hana chumba, na pengine ndiye pia mwalimu wa nidhamu anayeshika fimbo. Mtoto atamwambiaje kinachomsumbua? Mabula Nkuba wa DUCE, akiwa na Katharin Hermenau na Tobias Hecker, alitengeneza mafunzo mafupi kwa walimu: namna ya kuhusiana na wanafunzi, nidhamu bila kipigo, kumtambua mwanafunzi aliyelemewa. Waliyapima katika shule za sekondari nchini, na ukatili wa walimu ukapungua. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wameruhusiwa kurudi. Anayerudi darasani akiwa na mtoto nyumbani anahitaji mtu wa kumpokea, na mtu huyo hawezi kuwa yule yule anayempiga mwenzake dawati la nyuma.

Waganga wa tiba asili na viongozi wa dini nisiwapite. Utafiti wa Ngoma na wenzake jijini Dar es Salaam, uliochapishwa 2003, ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga na asilimia 24 ya waliokwenda kwenye vituo vya afya vya msingi. Watu wenye sonona wanajua pa kwenda, nasi tunajua wanakokwenda. Ngara ina hospitali za kanisa, Murgwanza na Rulenge, na ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 1995. Wachungaji na mapadri wako kila kata. Mhadhiri anayejua kufanya kazi nao bila kuwadharau na bila kuwaachia kila kitu ana thamani kubwa kuliko wawili wasiojua.

Ipo pia lugha. Mtu akiwa na uchungu hurudi kwenye lugha ya mama yake, na Ngara hiyo ni Kihangaza au Kishubi. Kiswahili kinatufikisha mbali, ila mzee wa Kabanga anapoeleza usiku wa 1994 hakielezi kila kitu. Mwalimu anayesikia Kihangaza atamsikia pia Mrundi, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu wa karibu, na hilo peke yake lingefungua mlango ambao mkalimani huuacha nusu wazi.

Basi kama ningeombwa kuandika tangazo la nafasi ya kwanza ya kazi, ningesema hivi. Anatakiwa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu katika saikolojia au unasihi, aliyewahi kuwasimamia wahudumu wa jamii kwa mwaka mmoja au zaidi, anayezungumza Kihangaza, Kishubi au Kirundi, na aliye tayari kufundisha mambo ya msiba na kutengana. Kituo cha kazi ni Ngara mjini, kwa kuwa wanafunzi watafanya mafunzo kwa vitendo Murgwanza, Rulenge na Hospitali ya Wilaya ya Biharamulo, na msimamizi anayekaa Bukoba hawezi kufika kila wiki. Atapewa pikipiki, chumba chenye mlango unaofungwa, na bajeti ya kuwalipa viongozi wa vikundi posho yao kila mwezi bila kuchelewa.